Ishara ya mkono ya kuomba msaada kimya kimya: mwongozo kamili kwa anayeomba na anayeombwa

Ishara yenyewe mtoto wa darasa la kwanza anaiweza: kiganja, kidole gumba, vidole vinne juu yake. Lakini hapa Kigoma, kila inapozungumzwa kwenye vikoba vya Mwanga na Ujiji, au kwa akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, malalamiko ni yaleyale. Mmoja aliionyesha, jirani akampungia mkono kwa furaha na kuendelea na ndoo yake. Mwingine alieleweka vizuri kabisa, ila aliyemwelewa akatuma ujumbe papo hapo, "Vipi, kakupiga tena?", na simu wakati huo iko mikononi mwa mume.

Mikono ya wote wawili haikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa kwa mtu wa upande wa pili, ambaye hakuandaliwa. Ndiyo maana hapa sianzi na mkono. Naanza na mpokeaji, na sehemu ndefu kuliko zote ni yake.

Maana ya ishara hii ni moja: "Kuna ukatili, siwezi kusema sasa, nitafute kwa njia salama." Hapo hakuna agizo la kuja kuvunja mlango. Kama uhai wako uko hatarini dakika hii, achana na ishara: piga yowe, kimbia, piga 112.

Mwongozo unazungumza zaidi na mwanamke kwa sababu wengi wanaouliza ni wanawake. Mwanamume anayepigwa nyumbani, binti anayeteswa na mwajiri wake, bibi anayenyanyaswa na wanawe, hatua ni hizihizi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mpokeaji mmoja, ikiwezekana wawili. Bila mtu huyu usiendelee kusoma hatua nyingine.
- Swali moja la kawaida ambalo ninyi wawili mnalijua kwa maana yake ya pili.
- Namba za simu kichwani: ya mpokeaji, 112 ya polisi, na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo. Kichwani, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kunyang'anywa.
- Mahali pa kufikia kwanza, pa mchana na pa usiku. Mara nyingi si palepale: duka la fundi cherehani hufungwa jioni.
- Mfuko mdogo unaokaa kwa mtu mwingine: kitambulisho cha NIDA au nakala yake, kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya bima kama unayo, dawa unazotumia kila siku, nauli, kitenge na nguo moja ya mtoto.

Simu ya kisasa si lazima. Mwenye kitochi anafanya yote haya isipokuwa sehemu ya video.

Hatua ya 1: Chagua mpokeaji

Tafuta mtu anayekuona karibu kila siku, anayejua kuuchuna, asiyemwogopa mumeo na asiye wa upande wake. Wifi anaweza kukupenda kweli, lakini siku hiyo mshitakiwa ni kaka yake.

Usikimbilie shoga yako wa karibu. Shoga wa kweli ana hasira kwa niaba yako, na hasira hiyo ndiyo itakayomleta mlangoni akiwa amejifunga kibwebwe wakati wewe ulitaka aje kimya. Mpokeaji mzuri ni mtu mpole wa kawaida mwenye sababu ya kukutembelea: mhazini wa kikoba, muuza genge, msusi, mwalimu wa mtoto, jirani mnayechangia uwanja.

Kwenye nyumba za kupanga, zile za vyumba vinavyotazamana na choo kimoja, jirani wa uwanjani ana faida kubwa kuliko ndugu aliye Gungu, kwa sababu anakuona unapotoka na beseni asubuhi. Ubaya wake ni kwamba na yeye anaonekana. Kwa hiyo wa pili awe nje ya nyumba hiyo.

Kwa walio vijiji vya ziwani kama Mwamgongo na Kagunga, ambako watu husafiri kwa boti, mpokeaji wa kijijini peke yake hatoshi. Awepo na wa mjini wa kukupokea Kibirizi, na yule wa kijijini awe anajua boti zinaondoka lini na nahodha yupi si rafiki wa mumeo.

Umefanikiwa hatua hii ukiweza kutaja jina la mtu na kueleza kwa pumzi moja kwa nini yeye. Ukianza kusema "labda fulani, au dada yake…", bado.

Hatua ya 2: Mfundishe mpokeaji kabla ya siku ya shida

Hapa ndipo wengi wanaruka. Wanaona video, wanajifunza mkono, wanadhani dunia nzima imeiona. Ishara hii ilisambazwa na taasisi ya Canadian Women's Foundation mwezi Aprili 2020, watu walipofungiwa ndani kwa korona na simu ya video ikabaki dirisha pekee. Imefika mbali, lakini mama muuza mawese pale sokoni huenda hajaiona hata siku moja.

Mfundishe mikono ikiwa na kazi: mnapochambua dagaa, mnaposukana, mnapomenya muhogo. Usimtumie video kwenye simu. Mwambie kwa maneno, namna hii:

"Mama Asha, siku ukiniona nimefanya hivi, usiniulize mbele za watu. Njoo uniulize habari ya mchezo."

Kisha mwache arudie mwenyewe, mkono na maneno. Asipoweza kurudia leo, siku ya siku hataweza.

Sasa wekeni swali na majibu yake. Mfano kwa wanaocheza mchezo wa pesa:

"Zamu ya wiki hii ni ya nani?"

- "Yako" maana yake: njoo tuzungumze nikiwa peke yangu.
- "Yangu" maana yake: hatari ni sasa, ita watu, ita polisi.
- "Tumeahirisha" maana yake: kwa sasa niko salama, usifanye kitu, endelea kunitazama.

Swali liwe la kwenu kweli. Kama hujawahi kucheza mchezo, mume atashangaa mchezo umetoka wapi. Wengine watumie bei ya unga, kliniki ya mtoto, au mbegu za mchicha. Majibu yasizidi matatu: mtu mwenye hofu hakumbuki jibu la nne.

Onyo: usiwafundishe ishara watoto wadogo wa nyumbani. Mtoto atairudia mezani mbele ya baba yake kwa kuona ni mchezo. Mtoto mfundishe jambo moja tu: kukiwa na vurugu, kimbilia kwa mama fulani, usiingie katikati.

Baada ya siku chache, mjaribu. Mkutane sokoni, mahali salama, umwonyeshe bila kumtaarifu. Akijikausha halafu akakuuliza kuhusu mchezo, mmefanikiwa. Akicheka au akirudishia ishara hiyohiyo, mfundishe upya bila kumlaumu.

Hatua ya 3: Mkono wenyewe

1. Inua mkono wowote usawa wa kifua au bega, kiganja kikimtazama mpokeaji, vidole vinne vimenyooka na kukaa pamoja.
2. Kunja kidole gumba kiingie ndani ya kiganja.
3. Shusha vidole vinne vikifunike kidole gumba, kifungiwe ndani.

Kila kituo kishike kidogo, kama muda wa kusema "moja", kisha nenda kinachofuata. Rudia mara moja tu.

Kwa nini kuna vituo vitatu na si ngumi tu? Kwa sababu ngumi peke yake ina maana zake tayari. Ukiinua ngumi, mtu ataona hasira au siasa, na mwaka wa uchaguzi ndiyo kabisa. Mpangilio wa kiganja, gumba, kufunga ndio unaotofautisha.

Makosa ninayoyaona zaidi:

Kupunga. Mkono ukiyumba kushoto na kulia, umeaga. Uwe umetulia.

Kugeuza mgongo wa mkono. Mpokeaji haoni gumba likiingia, na gumba ndilo lenye habari.

Kuacha gumba nje. Hiyo ni ngumi ya kawaida. Kibaya zaidi, gumba likichomoza kati ya vidole, kwa watu wa nchi nyingi hilo ni tusi.

Kuutazama mkono. Macho yako yakienda mkononi, na ya mtu mwingine yatafuata. Endelea kuongea habari za bei ya migebuka huku mkono ukifanya kazi yake.

Kuinua juu ya kichwa. Hapo umemwita kila mtu, pamoja na yule usiyetaka aone.

Kama umebeba mtoto, tumia mkono mtupu. Kama vidole haviwezi, kwa ulemavu au kwa kuvimba, kubalianeni kitu kingine kinachoonekana kwa mbali: kitenge fulani kilichoanikwa peke yake kwenye kamba, au ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango. Kwa kweli hizi alama za vitu wakati mwingine zinaushinda mkono, maana zinakaa muda mrefu na hakuna anayezishuku. Wasiwasi wangu ni mmoja tu: mtoto anaweza kuipindua ndoo akicheza, na upepo wa ziwani hauheshimu kamba ya mtu.

Umefanikiwa mpokeaji akiisoma kutoka upande wa pili wa uwanja huku uso wako haujabadilika.

Hatua ya 4: Mahali na wakati

Kanuni ya kwanza: usiionyeshe mbele ya macho ya anayekutesa. Iko kwenye mitandao, na yeye ana simu. Ngoja awe amekupa mgongo, ameinama kwenye simu, au yuko upande wa pili wa mtu mwingine.

Mwanga ni tatizo la kweli. Jioni uwanjani, umeme umekatika, mkono hauonekani hatua tano. Simama penye taa au karibu na jiko linalowaka, na mkono uwe mbele ya nguo ya rangi tofauti na ngozi yako.

Kwa familia za wavuvi, tazameni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza kwa sababu wanavua kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa vizuri na wanaume wanakaa nchi kavu. Kwa hiyo usiku wa giza ndio wakati wa mazungumzo marefu na mpokeaji, wa kupeleka mfuko, wa kupanga. Kipindi cha mbalamwezi mume yuko nyumbani mfululizo na mfukoni hamna kitu. Hapo ndipo ishara huhitajika zaidi na nafasi ya kuongea ni ndogo. Sisemi mwezi ndio unaopiga watu. Nasema jiandae kabla haujajaa.

Kwenye simu ya video kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza, mtu anaweza kuwa amekaa nyuma ya simu, anakutazama wewe moja kwa moja. Wa pili, picha yako mwenyewe inaonekana kwenye kioo, na anayechungulia begani ataiona. Shusha simu kidogo, mkono uwe usawa wa kifua, upande ulio mbali naye. Bando likiwa dogo picha huganda. Usiharakishe, na rudia baada ya picha kurudi.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni kliniki. Mume akikusindikiza, na siku hizi wanahimizwa wasindikize, bado kuna dakika ambazo haingii na wewe: kupima uzito, kutoa mkojo. Mwonyeshe nesi pale anapoandika kadi na mume anatazama ukuta. Nesi anayejua kazi yake hatasema neno. Atakupa kikopo, "Mama, tulete mkojo," na atakufuata koridoni.

Hatua ya 5: Umeonyeshwa ishara. Dakika za kwanza

Sasa nazungumza na wewe mpokeaji.

Uso usibadilike. Usirudishie ishara. Toa alama yenu ya kusema "nimeona", kwa mfano kujikuna sikio, halafu endelea na ulichokuwa unafanya. Mtu aliyeonyesha ishara amekaa na roho mkononi. Bila alama hiyo atarudia tena na tena mpaka agundulike.

Kisha jiulize swali moja: hatari ni sasa hivi? Angalia damu, panga au kisu, mlango uliofungwa kwa nje, mtu anayekabwa koo, mayowe ya watoto. Ukiona kimojawapo, usiende na swali la mchezo. Piga 112, ita majirani wengi kwa pamoja, ita mwenyekiti wa mtaa. Usiingie peke yako. Mtu mmoja mlangoni anageuka kuwa wa pili kupigwa.

Novemba 2021, katika jimbo la Kentucky, Marekani, msichana wa miaka 16 aliyekuwa ndani ya gari la mwanamume mmoja aliionyesha ishara hii kwa dirisha. Dereva wa gari la nyuma aliitambua. Hakupiga honi wala hakulizuia lile gari. Alipiga simu polisi, akabaki nyuma kwa umbali, akiwaeleza wanaelekea wapi mpaka polisi walipolisimamisha. Ukipanda bodaboda ukaona ishara kwenye bajaji iliyo mbele, fanya hivyohivyo: namba ya chombo, rangi, uelekeo, simu.

Kama hatari si ya dakika hii, nenda na swali lenu. Inaonekana hivi:

"Hodi Mama Zuberi. Zamu ya wiki hii ni ya nani?"

"Yako, shoga. Kesho asubuhi."

"Basi nitapita na ndoo, tukateke wote."

Mume amesimama mlangoni anachokonoa meno. Alichosikia ni mchezo na maji.

Kama uko mbali, piga, usiandike. Maandishi yanabaki na kusomwa. Ujumbe wa sauti ni mbaya zaidi, maana unaweza kufunguliwa kwa spika chumba kizima kikasikia. Akipokea, uliza maswali ya ndiyo na hapana tu:

"Uko peke yako?"

"Umeumia?"

"Nipige polisi?"

"Nikupigie tena baadaye?"

Akipokea mwingine, uwe na hadithi tayari mdomoni: "Shikamoo shemeji, nilitaka kumuuliza mama kama ule muhogo bado upo." Isizidi hapo. Hadithi ndefu ndiyo inayoshukiwa. Kwa wenye vitochi, mnaweza kukubaliana bipu moja iwe "nimeona", lakini kumbukeni bipu nayo inaacha namba kwenye orodha.

Umefanikiwa ukijua jibu ni lipi kati ya yale matatu, na ndani ya nyumba hakuna aliyejua umeuliza nini.

Vipi kama ulikosea, mtu alikuwa anacheza tu? Umepoteza swali moja la mchezo. Bora hivyo.

Hatua ya 6: Mkikutana faraghani

Kwenye foleni ya maji, chooni saluni, kwenye kichanja cha dagaa. Usianze na "mbona humuachi?" Swali hilo ndilo limewafunga midomo wanawake wengi zaidi ya vitisho vya waume zao. Na kuna sababu nyingine ya kuliepuka: wakati wa kuondoka, au mume anapogundua mke anaondoka, ndio wakati hatari huongezeka. Mtu anaondoka kwa mpango, siyo kwa kusukumwa na jirani mwenye uchungu.

Uliza haya: Unataka nifanye nini? Nani asijue? Usiku huu utalala wapi, na watoto? Kisha nyamaza usikilize. Akisema "nilitaka tu mtu ajue", basi umeshajua, na hiyo ni kazi tayari.

Lipo jambo moja usiliache lipite. Akikuambia amewahi kukabwa koo, hata mara moja, hata kama shingo haina alama, hesabu hiyo ni hatari ya kuuawa. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, kuzimia kidogo wakati wa kukabwa, hayo yanataka hospitali leo, maana madhara ya ndani yanaweza kujitokeza baadaye.

Usimweleze mumeo, mchungaji, shehe wala mama yake bila ruhusa yake. Siri ikitoka kwako, mkono huo hautainuliwa tena.

Hatua ya 7: Hospitali, dawati, na vikao

Kama kuna majeraha makubwa, hospitali kwanza. Kwa majeraha mengine, utaratibu wa kawaida ni kuanzia polisi kuchukua fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza na baadaye hutumika kama ushahidi. Lakini mtu anayevuja damu asizungushwe kutafuta karatasi. Atibiwe, fomu ifuate. Mjini Kigoma hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni. Baadhi ya hospitali nchini zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri wanapatikana sehemu moja. Fika mapokezi uulize kwa jina hilohilo. Si lazima ueleze kisa chako kwenye foleni.

Kama kuna kubakwa, na ndani ya ndoa bado mwili ni wako na matibabu ni haki yako, saa ndizo zinazoamua. Dawa za kuzuia VVU zianze haraka, zisipite saa 72. Dawa za kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema, na mwisho ni siku 5. Usioge kabla ya kuonwa kama unaweza kuvumilia, usifue nguo za tukio. Ziweke kwenye bahasha ya kaki au gazeti. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu na kuharibu ushahidi.

Kituoni polisi, sema kaunta: "Naomba Dawati la Jinsia na Watoto." Usianze kusimulia mbele ya kila aliyeleta kesi ya kuibiwa kuku. Unaweza kuomba askari wa kike. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyotoa. Iandike na umwachie mpokeaji nakala.

Halafu kuna vikao. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri na ana mhuri. Wazee wa ukoo wana heshima yao. Lakini vikao hivi vina tabia ya kumaliza kila kitu kwa "mkayamalize nyumbani", kuku akachinjwa, na mama akarudi chumba kilekile. Kikao kinaweza kuzungumzia matumizi ya nyumbani na shamba la nani. Kipigo hakina mjadala: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Ukiambiwa ni jambo la ndani, taja kifungu hicho kwa upole na uombe kuonana na afisa ustawi wa jamii. Wasaidizi wa kisheria nao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia ofisi ya kata wanapopatikana. Huduma yao haihitaji uwe na pesa ya wakili.

Hatua ya 8: Nyayo kwenye simu

Fungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta au simu usiyoijua, kuna anayesoma ujumbe wako wote. Kumwondoa ni rahisi, lakini ataona ametolewa, kwa hiyo kwanza hamishia mazungumzo yote kwenye simu ya mpokeaji, halafu amua.

Futa simu ya leo na ujumbe unaohusika tu. Usisafishe kila kitu: simu tupu ya mtu aliyezoea kupiga stori ni maswali tosha. Ujumbe wa pesa za simu nao unataja jina la aliyetuma, na wakala wa mtaani ana mdomo. Nauli ya dharura ikae taslimu kwa mhazini.

Hatua ya 9: Badilisha kila baada ya kutumia

Swali la mchezo likishatumika mbele ya mume mwenye masikio makali, lizikeni. Mara nyingine iwe bei ya mawese. Alama ya "nimeona" nayo ibadilike. Mkono wenyewe unaweza kubaki uleule mpaka siku utakapohisi ameutambua. Ukihisi, hamia kwenye kitenge cha kambani siku hiyohiyo wala usingoje uhakika.

Na mkague mpokeaji. Akihama chumba, akipanda treni kwenda Tabora kuuguza mama yake, akigombana nawe kwa sababu ya deni la kikoba, huna mpokeaji. Rudi hatua ya 1 kabla ya jua kuzama.